Siku moja kwenye dawati la metadata: mwandishi mmoja, watu watatu

Saa 2 asubuhi. Nimeshafika ofisini, mwendokasi leo ulikuwa na nafasi, sijui kumetokea nini. Kwa wasionijua, niko kwenye jarida la chuo hapa Dar, kwenye karatasi ni mhariri msaidizi ila kazi yangu kubwa ni metadata, yaani taarifa za makala: nani kaandika, wa chuo gani, lugha, ikisiri, kurasa, marejeleo. Watu wanadhani PDF ikishapandishwa kwenye tovuti basi, makala imetoka. Wapi! Google Scholar na wenzake, ile mitambo ya kutafutia makala za kitaaluma, hawaijui kama taarifa zake hazieleweki.

Saa 3. Nafungua OJS, ile programu ya bure ambayo majarida mengi ya vyuo vyetu yanatumia. Makala ya kwanza Kiswahili tupu mwanzo mwisho, kwenye fomu lugha imekaa "en", kisa mfumo uliwekwa hivyo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyegusa. Mtu akichuja makala za Kiswahili hii haimo. Nabadilisha iwe "sw", sekunde chache tu, ila roho inaniuma maana matoleo ya nyuma yako hivyohivyo kibao.

Saa 4 na nusu, majina. Hapa ndo siku inapoishia. Fomu inataka jina la kwanza na la ukoo, sisi tuna letu, la baba na la babu, sasa mwandishi mmoja safari hii kaandika mawili, makala yake iliyopita matatu, kwingine kaweka herufi ya katikati tu, na kwa kompyuta hao ni watu watatu tofauti wenye makala mojamoja. Halafu jina lake lina ng', ile apostrofi ikitoka kwenye Word inakuwa imejipinda, ikipita kwenye mfumo wa zamani inatoka â€™ katikati ya jina. Jina la mtu mzima jamani! Nampigia.

"Shikamoo Profesa."
"Marahaba mwanangu, makala imetoka?"
"Bado Profesa, naomba namba yako ya ORCID."
"Si niliwatumia ya NIDA?"

Namweleza taratibu, ORCID ni ya watafiti, ipo tangu 2012, tarakimu 16, bure, na ukihama chuo au ukibadili jina namba ni ileile. Akajisajili tukiwa kwenye simu, mpole sana.

Saa 7 wali maharage, narudi.

Saa 8. Kurasa nimeletewa kwenye Excel. Makala ya ukurasa 3-12 imegeuzwa kuwa tarehe, 3-Dec. Nani kakuomba?? Vyuo navyo: UDSM, Univ. of Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo ni kilekile. Naweka kitambulisho cha ROR, yaani msimbo mmoja wa kudumu kwa kila taasisi ya utafiti, kila mahali, vinginevyo chuo kikitaka kuhesabu kazi za watu wake nusu hazionekani.

Saa 9 na nusu, marejeleo, na hapa naomba mnisikilize. Tukisajili DOI, ile namba ya kudumu ya makala, kule Crossref, shirika linalosajili namba hizo na kutunza taarifa zake, bila kupeleka orodha ya marejeleo, yule aliyenukuliwa haunganishwi na aliyemnukuu, anabaki na sifuri. Halafu kwenye kikao cha kupandishwa vyeo mtu anasema makala za Kiswahili hazinukuliwi. Zinanukuliwa sana tu, ni sisi wachapishaji hatujapeleka taarifa! Na kisingizio cha hela hatuna, tangu Januari 2023 Crossref ina mpango wa kutotoza ada wanachama wa nchi kadhaa, Tanzania imo.

Saa 10 na robo bosi kaja, anataka toleo litoke leo, "metadata utarekebisha baadaye". Kweli kurekebisha Crossref hawatozi, ila waliokwisha kunakili lile jina bovu wanaweza kukaa nalo miaka. Tumebishana kidogo, kwa heshima. Mwisho tukakubaliana zilizo safi zitoke leo, mbili zingoje waandishi wajibu.

Nikamwomba pia kuanzia toleo lijalo ORCID na chuo vijazwe siku mtu anatuma makala, si siku ya kuchapisha wakati wenyewe wako likizo na simu hazipatikani. Kasema niandike pendekezo. Naliandika sasa hivi, kesho atakuwa ameshasahau.