Wana wa Ngurumo nao waliogopa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Marko 4:35-41, pale Yesu anapoituliza dhoruba ziwani akiwa chomboni na wanafunzi wake.

Nimekulia Bukoba, na aliyewahi kuishi kando ya Ziwa Victoria anaijua radi ya huko. Mawingu hujikusanya ziwani usiku, alfajiri yako juu ya bati lako. Tulikuwa watatu kitanda kimoja. Bibi alifunika kioo kwa kitenge na kuficha kila nguo nyekundu, eti zinaita radi. (Haziiti, lakini nani angemwambia bibi?)

Baba alitufundisha kuhesabu. Umeme ukimulika, anza moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, kwa kuwa mwanga hufika papo hapo na sauti huja nyuma yake. Mdogo wangu wa kiume alipona kwa hesabu hiyo. Alihamia dirishani akitangaza, "Kilomita nne! Sasa tatu!" Dada yetu, hesabu ileile ndiyo iliyommaliza: yeye alisikia tu kwamba inakuja. Mimi nilijifanya nimelala, shuka limelowa jasho, na kwa kuwa sikulia nikasifiwa ujasiri. Dada akabandikwa jina la mwoga, akakua nalo.

Bahari ya Galilaya nayo ni ziwa, liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo hulishukia ghafla. Miongoni mwa wanafunzi walikuwamo wavuvi wa ziwa hilohilo, wakiwamo Yakobo na Yohana, ambao sura moja nyuma tumesoma kwamba Yesu aliwaita Boanerge, wana wa ngurumo. Wenye jina hilo, nao wamo kundini wakati Bwana anaamshwa kwa kilio: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Katika Marko, Yesu anaukemea upepo kwanza, kunakuwa shwari, ndipo anauliza mbona wamekuwa waoga. Mathayo 8:26 anatanguliza swali, utulivu unafuata. Wachambuzi wa Maandiko wana maelezo yao. Mimi kama mzazi nawashukuru wote wawili, maana nyumbani nina mtoto wa Mathayo, ambaye unaweza kuzungumza naye radi ikiwa inapiga, na nina mtoto wa Marko: huyo hasikii neno lolote mpaka kwanza kutulie. Nilichelewa kulijua hilo. Wa pili nimemhubiria imani usiku mwingi huku anatetemeka.

Juzi nilimpigia dada simu nikamuuliza ni nini kilimsaidia enzi zile.

"Mama," akasema. "Alikuwa anaingia kimya, anatufunika kanga mimi na yeye, kichwa kwa kichwa. Hakunifundisha kitu. Alikaa tu."

Kisha akaniuliza: "Na wewe, kaka, nani alikuwa anakuja kwako?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule mvua ilinyesha, radi zikaanza. Nilivipita vitanda viwili, nikaenda kuketi kwanza kwa mwanangu wa tatu, yule ambaye hajawahi kulia. Alikuwa macho.