Nilivyofungua mlango wa mwezi nusu

Jina la gemu silitaji, maana wapo waliokwama palepale na sitaki kuwamalizia utamu. Ni zile gemu za simu za kukuza mhusika wako, unapanda levo huku ukiokota silaha. Kaskazini mwa ramani kuna hekalu bovu juu ya jabali. Mlango wake hauvunjiki wala hauna tundu la ufunguo. Mbele yake imesimama nguzo ndefu, na upande wa magharibi yamepangwa mawe tisa. Kwenye nguzo pamechongwa:

"Nachomoza nusu, wenye nyumba wamelala.
Kidole changu kikimgusa wa saba, ingia."

Wachezaji wenzangu walishikilia kwamba "wa saba" ni bosi wa saba, yaani adui mkubwa wa saba, basi wakawa wanahangaika kumuua na kurudi. Mimi sikukubali. Nguzo na mawe yaliyopangwa kando yake ni saa ya kivuli, haihitaji ubishi, kwa hiyo kidole ni kivuli na wa saba ni jiwe. Lakini kivuli cha usiku, watu wamelala? Hapo hakuna mwingine ila mwezi.

Sasa, mwezi nusu huja mara mbili. Ule wa kwanza, jua likizama tayari uko utosini, na unatua kama saa sita usiku. Wa pili huja kama wiki moja baada ya mwezi mpevu. Mpevu huchomoza jua linapotua, kisha kila siku mwezi huchelewa takriban dakika 50. Jumlisha wiki nzima, unapata kama saa sita za kuchelewa, yaani unachomoza usiku wa manane. Huyo ndiye ninayemtaka. Gemu nyingi hubandika mwezi mpevu kila usiku, ila hii mwezi wake hukua na kupungua, nami nilishauona.

Kulala kambini kunakurusha hadi asubuhi, kwa hiyo nilikaa pale jabalini nikingoja usiku wenyewe. Mwezi ukachomoza, nusu kweli, nguzo ikang'aa upande mmoja. Chini, patupu. Hakuna kivuli cha nguzo, wala cha mhusika wangu, na hilo la mhusika ndilo lililonishtua. Nikafungua mipangilio: ubora wa picha uko "chini", na kwa kiwango hicho gemu huzima vivuli vyote ili kuokoa chaji. Nikapandisha hadi "wastani". Simu ikaanza kuchemka mkononi, picha zikawa zinakwamakwama, lakini kivuli kikatokea, kingo zake zina meno kama msumeno. Kikatambaa jiwe hadi jiwe. Kilipopanda la saba, alama iliyochongwa juu yake ikawaka buluu na mlango ukasogea. Niliwahi kuingia kabla hakijalivuka.

Fumbo ni tamu, ila nina neno na waliolitunga. Gemu za Pokémon Ruby na Sapphire za mwaka 2002 zilificha siri zake kwa maandishi ya nukta nundu mapangoni, magumu kweli, lakini mchezaji yeyote aliweza kuyafikia na kuyaona. Hapa mwenye simu dhaifu ananyimwa hata dalili.

Ndani nilikuta pete ya kuzuia sumu, ambayo kwa levo yangu haina kazi, na ramani ya hekalu la pili. Pete nimeiuza.