Nilivyolithibitisha na kulihifadhi koti la ofisa wa majini wa Vita vya Pili

Kila ukimwonyesha mtu koti la ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, atakwambia angalia taji kwenye vifungo. Taji la matao ya mviringo ni la Mfalme George VI, kwa hiyo koti ni la vita. Taji lililobonyea katikati ni la Malkia, baada ya 1952. Ushauri huu umewaponza wengi. Kifungo hubadilishwa kwa sindano na uzi, na tangu 2022 Mfalme Charles III amelirudisha taji la mviringo. Mimi vifungo nilivitazama mwisho.

Nilianza na tepe za mikononi. Koti langu ni la luteni wa RNVR, kikosi cha akiba cha watu wa kujitolea: sufu nzito ya buluu iliyokoza, vifungo vinane kwa safu mbili, na kila mkono una tepe mbili za dhahabu zilizopinda kama mawimbi. Mawimbi hayo yalifutwa 1951. Tena hizi zinazunguka nusu ya mkono tu, upande wa nje, maana wakati wa vita matumizi ya utepe wa dhahabu yalibanwa. Walaghai huchukua koti la baadaye, wakafumua tepe zilizonyooka na kushona za mawimbi.

Dawa yao ni tochi. Zima taa, laza mkono wa koti mezani, weka tochi usawa wa meza ili mwanga ukipitie kitambaa kwa ubavu. Tundu za sindano za zamani hujitokeza kama vidoti vyenye kivuli, na palipofunikwa na utepe miaka mingi huwa pamekoza kuliko pembeni. Ukiona mstari ulionyooka chini ya wimbi, rudisha koti. Kisha fumua bitana kidogo kwenye pindo la mkono na umulike mishono kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Uzi mwingi wa kisasa hung'aa buluu-nyeupe. Bitana yote iking'aa, huenda ni sabuni tu. Uking'aa uzi wa utepe peke yake, umeshonwa juzi. Utepe wa pili kuwa na uzi tofauti na wa kwanza si kosa: luteni mdogo alikuwa na mmoja, akipanda cheo anaongezewa.

Lebo itafute ndani ya mfuko wa ndani. Mafundi kama Gieves waliandika humo jina la ofisa na tarehe kwa wino. Jina nililifuatilia kwenye Navy List, orodha rasmi ya maofisa, ambayo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeiweka mtandaoni. Tarehe ya lebo ni ya kushonwa koti, kwa hiyo cheo cha mkononi kinaweza kuwa cha juu zaidi ya kile cha siku hiyo, lakini si cha chini.

Kwetu Mombasa, ambako Kilindini ilikuwa kambi ya meli za kivita za Admirali Somerville wa Uingereza kuanzia 1942, mtu anaweza kutarajia zaidi sare nyeupe za joto. Hizo cheo chake kiko kwenye vibao vya mabegani vinavyochomolewa, hivyo visikuthibitishie chochote.

Kuhusu usafi, usithubutu kupaka utepe dawa ya kung'arishia shaba. Dhahabu yake ni ngozi nyembamba mno, ikisuguliwa hairudi. Nondo hutaga chini ya kola na kwenye mishono ya mifuko. Nilifunga koti kwenye mfuko wa nailoni, nikakamua hewa, likakaa wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Likitoka, usifungue mfuko hadi kesho yake, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu badala ya kubaki nje ya nailoni. Halafu tundika kwenye hanga nene iliyovishwa pamba, ulifunike kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila dawa. Nailoni ya kudumu, kwa joto la pwani, ni ukungu tu.