Tarehe niliyoisahau, mama akaitunza

Nimerudi nyumbani baada ya miaka 11. Ndege ilitua Alhamisi Kuu, si kwa kupanga, ndiyo tiketi iliyopatikana. Jumamosi jioni mama akaniuliza, "Utaweza kwenda mkesha, mwanangu, au bado una uchovu wa safari?" Nikamwambia twende. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa ajili yake. Kule nilikokuwa, Pasaka ilishageuka kuwa siku ya kulala mpaka jua liwe kali.

Mkesha wa Pasaka huanzia nje, gizani. Moto ukabarikiwa, padri akachora msalaba kwenye mshumaa mkubwa, Alfa juu, Omega chini, kisha tarakimu za mwaka. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona ncha ikipita kwenye nta: 2, 0, 2, 5. Kisha chembe tano za ubani, kwa ajili ya majeraha matano ya Bwana. Tukaingia kanisani pakiwa giza totoro, shemasi akiimba "Mwanga wa Kristo", nami nikajikuta nimeshaitikia "Tumshukuru Mungu" kabla sijawaza lolote. Miaka yote ile nilidhani nimesahau.

Ukisikiliza vizuri Mbiu ya Pasaka, wimbo wa sifa unaoimbwa baada ya mshumaa kuingizwa, haihadithii mambo ya kale. Inasema huu ndio usiku. Usiku huu Israeli walivuka bahari kwa miguu mikavu, usiku huu Kristo alitoka mshindi kaburini. Halafu yanafuata masomo ya Agano la Kale, saba kwa ukamilifu wake. Mengine yanaweza kupunguzwa, lakini lile la Kutoka sura ya 14, la bahari kugawanyika, haliachwi kamwe.

Nikiwa nimeketi pale na mshumaa wangu mdogo, nta ikinidondokea kwenye kidole gumba, nilifikiria sura ya 12 ya kitabu hicho hicho. Mungu anawaagiza Waisraeli kuiadhimisha siku ile kizazi hata kizazi, nao bado wako Misri! Farao hajawaachilia, hakuna hata mmoja aliyevuka mpaka, lakini agizo la kukumbuka limeshatolewa. Na Bwana Yesu alifanya vivyo hivyo. "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu" aliitamka usiku ule aliosalitiwa, kabla ya msalaba. Mara zote mbili adhimisho limetangulia ukombozi wenyewe. Naamini ni kwa sababu Mungu anatujua. Baada ya kuvuka bahari, Waisraeli walikwenda siku tatu tu jangwani bila maji, walipofika mahali paitwapo Mara wakakuta maji machungu, wakaanza kumnung'unikia Musa. Siku tatu! Moyo ukiachwa ukumbuke wenyewe, haufiki mbali.

Tulipokuwa tunarudi usiku, mama akanishika mkono akasema, "Nimefurahi leo tumekuwa wawili. Ile ya Februari huwa nakwenda peke yangu."

"Ipi hiyo, mama?"

"Tarehe 9. Ya hita."

Nilisimama. Usiku wa 9 Februari 2017 nililala na hita ya gesi ikiwaka, madirisha yamefungwa kwa baridi. Hewa ile ya sumu haina harufu wala rangi, inakuchukua usingizini. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameshaondoka kwenda kazini zamu ya usiku, akakumbuka kwamba amesahau funguo, akarudi. Alinikuta siamshiki. Akafungua dirisha, akaniburuta mpaka nje, akaita msaada. Nilimsimulia mama kwa simu wiki ile ile, tukalia wote wawili, kisha nikaendelea na maisha. Sikuitaja tena.

Mama hakuiacha. Kila mwaka tarehe hiyo ameomba Misa ya shukrani. Alinionyesha daftari lake la nia za Misa: miaka minane, mistari minane, mwandiko ukizidi kutetemeka kadiri unavyoshuka. Yote imeandikwa maneno yale yale: "Shukrani, mwanangu aliamka."

Katika Luka 17 Yesu aliwatakasa wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru, tena Msamaria. Siku zote nilipoisikia Injili ile niliwashangaa wale tisa. Sasa najua walivyokuwa. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na haraka ya kwenda kuishi. Mimi nilikuwa mmoja wao, ila nilikuwa na mama aliyerudi kwa niaba yangu, mara nane, huku mimi nikiwa sijui.

Jumatatu ya Pasaka nilimpigia simu yule mwenzangu. Tulikuwa hatujaongea muda mrefu sana. Nilimwambia tu, asante kwa kurudi kuchukua funguo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado nalala na madirisha yamefungwa.

Mwaka 2026 tarehe 9 Februari inaangukia Jumatatu. Mama amenipa daftari na kalamu, na mstari wa tisa nimeuandika mwenyewe.