Dubu wa mohea huharibikia mezani, kabla ya uzi kuingia kwenye sindano

Mohea, kitambaa chenye manyoya kinachoshonewa dubu wa mwanasesere, ni ghali, na anayeanza kwa kawaida hununua kipande cha sentimita 50 kwa 70 hivi, kinachotosha dubu mmoja wa sentimita 35. Hapo hakuna nafasi ya kurudia. Mafunzo mengi ya kutengeneza dubu hukimbilia kushona na kujaza, lakini dubu mwenye sura iliyopinda mara nyingi amepindia kwenye kukata au kwenye kushona kichwa. Mengine yanarekebishika.

Kitambaa chenyewe ni nywele za mbuzi wa Angora, mnyama mwenye asili ya Uturuki ambaye leo anafugwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini, hasa upande wa Karoo. Lesotho nayo inazalisha sana. Ufumaji wa kitambaa cha dubu, hata hivyo, umekuwa zaidi kazi ya viwanda vya Ujerumani na Uingereza. Vitambaa viwili hufumwa pamoja vikitazamana, nyuzi za mohea zikipita kutoka kimoja hadi kingine, kisha kisu hupita katikati na kuvitenganisha, kila kimoja kikibaki na manyoya yake. Mgongo wake ni pamba. Kwa dubu wa kwanza chukua manyoya ya milimita 10 hadi 12, yaliyonyooka na kusongamana. Mafupi kuliko hapo huanika kila kosa la mshono, na marefu hufunika uso wote. Ukiwa na shaka na muuzaji, chomoa nywele chache uziunguze: mohea hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole, akriliki, yaani manyoya bandia, huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu.

Violezo vikate kwenye karatasi ya manila, visiyumbe. Pitisha kiganja juu ya manyoya ujue yanalalia wapi, kisha chora mshale wa mwelekeo huo kwenye mgongo wa pamba. Mshale wa kila kiolezo ufuate huo: manyoya ya mwili, mikono na miguu yalale kuelekea chini. Kipande kimoja kikigeuzwa kichwa chini, mwanga utakipiga tofauti na dubu ataonekana ameungwa kwa vitambaa viwili. Kosa jingine, na hili huwapata hata wazoefu, ni kusahau kupindua kiolezo, ukajikuta na mikono miwili ya kushoto. Chora vipande vyote, vihesabu, hakikisha kila kimoja kina pacha wake aliyetazama upande wa pili, ndipo ushike mkasi. Mkasi uwe mdogo wenye ncha kali, na ncha hiyo ipite chini ya manyoya ikikata pamba peke yake. Ukikata kama unavyokata kanga, utakata na manyoya, na kila mshono utaacha mstari wa kipara usioweza kufichwa.

Acha milimita 6 za mshono pande zote. Piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda wa kushikiza, kwa sababu manyoya yanateleza na pini peke yake hazitoshi. Unapopiga bandi, sukumia manyoya ndani kwa ncha ya sindano ili yasinaswe. Anayeshona kwa mkono atumie mshono wa kurudi nyuma, hatua za milimita 2 hadi 3, uzi wa polyesta ulio imara.

Sasa kichwa. Kina vipande vitatu: mashavu mawili na kipande cha kati kinachoanzia puani kupita utosini hadi kisogoni. Shona kwanza kidevu, kutoka ncha ya pua hadi shingoni. Kisha tafuta katikati kamili ya ncha ya kipande cha kati na uibandike kwa pini juu ya mshono wa kidevu. Kutoka hapo shona upande mmoja hadi kisogoni, kata uzi, rudi puani, shona upande wa pili. Usizunguke kichwa chote kwa mshono mmoja, kwa sababu kitambaa cha juu husogea kidogo kidogo chini ya vidole na unapofika mwisho tofauti imekusanyika upande mmoja. Pua ikihama milimita 3 tu, dubu atatazama pembeni, na hakuna kiasi cha kujaza kitakachomnyoosha. Fumua ushone upya.

Kichwa hujazwa kigumu kuliko kiungo kingine chochote. Anza na pua, ukiingiza vibonge vidogo na kuvishindilia kwa kijiti butu. Ukibonyeza kwa dole gumba, libonyee kwa shida. Dubu wa zamani walijazwa maranda membamba yaliyochanwa kama nyuzi, na wapo wanaoyatumia bado kwenye pua kwa sababu hushika umbo na kuvumilia sindano. Waingereza miaka ya 1920 walitumia sana sufi, hiyo hiyo ya misufi iliyozagaa pwani yetu. Ni nyepesi, nyororo, na ukiishindilia vizuri inafaa kabisa kwa mwili na miguu, ila vumbi lake linakera mapua, kwa hiyo fungua dirisha na ufunge kitambaa usoni.

Macho ya kioo huwa na kitanzi cha waya nyuma. Kwa dubu wa sentimita 35 milimita 8 hadi 10 zinatosha. Jaribu mahali kwanza kwa pini zenye vichwa vyeusi na umwache dubu mezani hadi kesho yake. Macho yakishuka na kuachana, anakuwa mtoto. Yakipanda na kukaribiana, anazeeka. Ukiridhika, toboa kwa msharasi huku ukisukuma nyuzi za pamba kando bila kuzikata, bana kitanzi kwa plaizi kiwe chembamba, kisha vuta uzi mara mbili kwa sindano ya sentimita 15 utokee kisogoni chini. Vuta hadi jicho lizame kidogo, funga fundo. Kichwa kilichojazwa legelege hujulikana hapa: shavu linabonyea na jicho linatumbukia.

Manyoya ya pua yapunguze kidogo kidogo, mkasi ukilala sambamba na kitambaa. Hayaoti tena. Pua itarizi kwa uzi mnene wa pamba unaong'aa, ukianzia katikati na kwenda pembeni. Masikio yaje mwisho, na usawa wake upime ukiwa mbele ya dubu, kutoka pembe ya jicho.

Viungo ni vitano, na kila kimoja kinataka visahani viwili vya hadibodi, washa mbili na splitipini moja, ile pini ya miguu miwili ambayo mafundi magari wanaifahamu. Richard Steiff wa kampuni ya wanasesere ya Steiff alipobuni dubu wake aliyeitwa 55 PB mwaka 1902, kule Giengen, Ujerumani, viungo vilishikwa kwa kamba, na kamba ililegea. Kampuni ikajaribu vyuma ndani ya mwili, halafu ikatulia kwenye visahani. Upande wa mwili kunja kila mguu wa pini kwa plaizi hadi ukandamize washa. Mkono ukizunguka kirahisi siku hiyo, baada ya mwaka utaning'inia. Ukaze mpaka ugome kidogo. Tundu la kiungo liwe upande wa ndani wa mkono, jambo linaloonekana dogo mpaka usahau.

Wanaouza, wengi wao Ulaya, Marekani na Japani, hushona kitambulisho mshononi chenye jina lao na namba ya toleo, mathalani 2 kati ya 5, na wanategemewa kuiheshimu kwa kutotengeneza zaidi ya hao. Kiolezo ulichonunua kwa mtu ni cha kujifunzia. Kuuza dubu aliyetokana nacho kunahitaji ridhaa yake, na wahusika wa fani hii hawasahau anayekiuka. Na macho ya kioo hayamfai mtoto mdogo, yanavunjika na kung'oka, hivyo andika wazi kwamba ni dubu wa kukusanywa na watu wazima.

Adui wa mohea baada ya hapo ni mdudu nondo. Ukiona vumbi laini au upara mdogo uliojitokeza wenyewe, mfunge dubu kwenye mfuko usiopitisha hewa na umweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Akitoka, usifungue mfuko hadi apate joto la chumba, maana unyevu wa mtoneko ukiingia ndani, visahani vya hadibodi huvimba na pini hushika kutu.