"Picha kali kaka" haikusaidii kitu

Aisee sisi tunaoanza kupiga picha tunapenda sana kuambiwa "picha kali kaka" na vile vi-emoji vya moto, basi, unalala na furaha yako na kesho unapiga ileile. Mimi siku hizi nikimtumia mtu picha nauliza swali moja tu, jicho lako limeenda wapi kwanza? Akisema limeenda kwenye nguzo ya umeme nyuma ya bibi harusi nishapata jibu langu, hata kama hajui kamera kabisa, na mama zetu ndo wakali wa hili, hawaoni haya.

Kukosoa nako kuna namna yake. Chukua picha ya mzee kavaa kanzu nyeupe pale Forodhani, Zanzibar, saa sita mchana, uso mweusi tii hauoni hata macho. Ukisema "mbaya" umemwacha mpiga picha palepale. Mwambie kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, kwa hiyo apandishe ekspoja (yaani mwanga kamera inaochukua) kidogo, +1 hivi kwenye ile alama ya +/-, au amsogeze mzee kivulini, au arudi saa kumi na moja jua likiwa limeshuka. Hapo ana kitu cha kwenda kujaribu.

Wale wa "ungekuwa na lenzi ya 85mm" (ile wanayopenda kwa picha za sura) mi nawapita tu, dogo anapiga picha kwa simu, lenzi ataitoa wapi? Ila ukiona picha ya mtoto wa watu imepigwa kiajabuajabu, usianze na mambo ya mwanga, muulize kwanza kama mzazi aliombwa ruhusa.