Bwana, mtumwa na karatasi ya mahakama: mizizi ya falsafa ya kutambuana

Maandishi mengi ya falsafa juu ya kutambuana, yaani hali ya mtu kumhesabu mwenziwe kuwa mtu kamili na yeye kuhesabiwa vivyo hivyo, huanzia kwa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, na mfano wake wa bwana na mtumwa. Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia kwenye mikarafuu, ambako wazee huzungumza kila kitu isipokuwa asili ya koo fulani zilizotoka utumwani, na kwa hiyo sina haja ya kubembelezwa ili niupende mfano huo. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kuwa mzizi wenye nguvu zaidi ulitangulia kabla yake kidogo, kwa Mjerumani mwenziwe Fichte, na kwamba historia ya visiwa vyetu inawapima wote wawili vizuri kuliko mifano wanayojitungia.

Kabla yao yupo Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa mzaliwa wa Geneva. Katika risala yake ya 1755 kuhusu chanzo cha watu kutokuwa sawa, anaeleza watu wa kale wakikusanyika mbele ya vibanda vyao au chini ya mti mkubwa, wakiimba na kucheza. Hapo kila mmoja akaanza kuwatazama wenziwe na kutaka yeye naye atazamwe. Aliyeimba au kucheza vizuri kuliko wengine, mwenye sura nzuri, mwenye nguvu au mwenye ufasaha akawa ndiye anayestahiwa, na hiyo, kwa maoni ya Rousseau, ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea kwenye matabaka na maovu yake. Anatenga kujipenda kwa maumbile, kunakomfanya kila kiumbe ajihifadhi, na kujipenda kunakotegemea macho ya watu. Aliyewahi kukaa kwenye harusi ya kwetu hadi usiku wa manane, akaona sare na dhahabu zinavyopimwa kwa jicho la pembeni, hatasema kuwa Rousseau ametia chumvi. Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu cha 1759, aliyaona macho hayo hayo kwa upole zaidi: tajiri hufurahia mali yake kwa sababu inamvutia watazamaji, na maskini huumizwa na kupitwa kama hayupo.

Kwa wote hao kutambuliwa ni tamaa tu ya mtu ambaye tayari yupo. Johann Gottlieb Fichte, mtoto wa mfuma utepe, ndiye aliyeigeuza hoja. Akifundisha chuo kikuu cha Jena, Ujerumani, 1796, alieleza kuwa mtu hawezi kujijua kuwa ana hiari kwa kukabiliana na vitu, kwa sababu vitu humzuia tu, wala havimwambii neno. Hujijua pale anapoitwa na mwengine mwenye hiari, ambaye anaweza kumsukuma lakini anaizuia nguvu yake na kumwachia nafasi ya kuitika au kutoitika. Msomaji wa Kiswahili atalielewa hili haraka akimfikiria mtu anayepiga hodi. Pengine mlango uko wazi na miguu ya kuingilia anayo, lakini husimama nje, huita, hungoja, na adabu tuliyofundishwa katika chuo cha Kurani ni kuwa akiita mara tatu bila ya kuitikiwa arudi zake. Kwa kujizuia huko anamkiri aliye ndani kuwa ndiye mwenye nyumba, na aliye ndani, akisema karibu au akinyamaza, ametenda kwa hiari yake. Fichte aliijenga nadharia nzima ya haki juu ya hali hii: siwezi kumdai mwenzangu anitambue kuwa mwenye akili ikiwa mimi mwenyewe simtendei hivyo. Aliandika pia kuwa mtu huwa mtu miongoni mwa watu tu. Wapo watakaosema kuwa hilo tunalo siku zote, mtu ni watu. Tunalo, ila watu hao hao wanaweza kumkandamiza mtu, na Fichte anatoa sharti la kutofautisha: watu wanaomfanya mtu kuwa mtu ni wale wanaojizuia mbele yake.

Hegel alimsoma Fichte kwa makini, kisha akaongeza mapambano. Katika kitabu kilichotoka 1807, nafsi mbili zinakutana, kila moja ikitaka ihakikishiwe na nyengine kuwa ni huru, na zinapigana hadi kuhatarisha uhai. Moja inachagua kuishi na kuwa mtumwa. Nyengine inakuwa bwana. Akili ya Hegel iko katika kuonesha kuwa ushindi wa bwana ni hasara, kwani anatambuliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu, na heshima ya namna hiyo haimshibishi. Mtumwa, aliyekwisha kuionja hofu ya kifo na anayelazimishwa kazi, hukibadilisha kitu kwa mikono yake na ndani ya kitu hicho akaiona nafsi yake. Susan Buck-Morss, mwanafalsafa wa Kimarekani, katika makala ya 2000, alidai kuwa nyuma ya kurasa hizo ziko habari za watumwa wa Haiti, walioasi 1791 na kutangaza dola yao 1804. Wapo wanaombishia, ila kwangu hoja yake ina uzito, kwani Hegel alikuwa msomaji mkubwa wa magazeti. Aliyeufanya mfano huu uvume karne ya 20 ni Alexandre Kojève, Mrusi aliyehamia Ufaransa, kwa mihadhara yake ya Paris ya 1933 hadi 1939.

Frantz Fanon, tabibu na mwandishi wa Martinique, kisiwa cha Karibi, katika kitabu chake cha 1952, aliupinga mfano huo kwa mambo mawili. Bwana wa koloni hataki kutambuliwa na mtumwa, anataka kazi yake. Tena mtu mweusi wa makoloni ya Ufaransa, anasema Fanon, hakuupigania uhuru, bali bwana ndiye aliyemtangazia siku moja kuwa tangu leo yuko huru.

Nikifika hapo hukumbuka ya kwetu. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumfanya kila mtumwa aamke yu huru. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani, na bwana aliyepoteza mtumwa kihalali alistahiki fidia. Aliyekwisha kutambuliwa alitakiwa aoneshe kuwa ana makaazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Basi mtu anasimama mbele ya ofisa, anaambiwa kuwa yu huru, na papo hapo anatakiwa athibitishe kuwa hatakuwa kero, ilhali aliyemtumikisha hathibitishi chochote isipokuwa hasara yake. Kwa kipimo cha Fichte, upande mmoja haukujizuia hata kidogo.

Lakini Fanon hatutoshi pia. Wengi hawakwenda mahakamani. Walihama, au walibaki na kupatana upya na wenye mashamba. Wanawake waliozoeshwa kaniki wakavaa kanga, na wanaume ambao hawakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wakavivaa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa na kuanza kwa kuuza vyungu, aliimba katika majumba ya wakubwa na 1928 akafika Bombay kurikodi santuri. Chini ya mti wa Rousseau aliyeimba vizuri kuliko wengine ndiye aliyeanzisha utofauti wa vyeo, hapa aliupunguza.

Axel Honneth, mwanafalsafa wa Kijerumani wa siku zetu, katika kitabu chake cha 1992, akitumia maandishi ya Hegel kijana na ya Mmarekani George Herbert Mead, aligawa kutambuana katika sehemu tatu: upendo wa karibu, haki za kisheria, na heshima ya jamii kwa mchango wa mtu. Mgawanyo huu unamweleza Siti vizuri, aliyeipata ya tatu mahali ambapo ya pili ilikuwa ya shingo upande. Nancy Fraser, mwanafalsafa wa Kimarekani aliyejadiliana na Honneth katika kitabu cha 2003 akishikilia kuwa kutambuana hakutoshi bila ya mgawanyo wa mali, angeuliza habari ya ardhi, na angekuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu wengi waliotoka utumwani walibaki wakilima muhogo wao kati ya mikarafuu ya wengine, wakilipa ukaazi huo kwa palizi.

Kinachonizuia kumkubali Honneth moja kwa moja ni suria, mtumwa wa kike aliyewekwa unyumba na bwana wake. Amri ya 1897 ilimwacha nje: ilimhesabu kuwa wa ndani kama mke, abaki alipo, isipokuwa akidai kutoka kwa sababu ya ukatili, na hali hiyo iliendelea hadi amri nyengine ya 1909. Honneth amezichora sehemu zake tatu kana kwamba zinakamilishana, ilhali kwa mwanamke huyu lugha ya upendo na unyumba ndiyo iliyotumika kumnyima haki waliyopewa wapagazi na wapalizi. Wala Fichte wangu asingemfaa, kwani katika kazi hiyo hiyo ya haki, alipofika kwenye ndoa, aliandika kuwa mke hujiweka kabisa chini ya mumewe, na kwamba hufanya hivyo kwa hiari yake mwenyewe.